Picha Tatu za Stoo

Kila asubuhi, kabla wageni hawajaamka, Mwanatumu alisugua vigae vya bwawa la hoteli moja ya Galu. Siku moja waliletewa tindikali mpya, kali, na ukutani mwa stoo zikabandikwa picha tatu za kuonyesha inavyochanganywa, bila neno hata moja. Wakubwa walisema wafagizi hawajui kusoma. Uongo mtupu. Mwanatumu alihitimu Kurani katika madrasa ya Msambweni. Ni shule ya serikali tu ambayo hakuingia.

Alizisoma picha kama alivyosoma tangu utoto, kuanzia kulia. Tindikali kwenye ndoo. Kisha maji. Kisha miwani na glavu, bila shaka za kusugulia. Alipomimina maji, ndoo ilichemka ikamrukia usoni.

Mchana aliitwa ofisini, jicho la kushoto limefungwa bandeji. Zahanati walikuwa wamesema litapona akifikishwa Mombasa siku hiyo hiyo. Gari la hoteli lilikuwepo, lakini halikutolewa kwa ajili ya mtu aliyeumia kwa kosa lake mwenyewe. Mutinda, meneja, kijana wa umri wa mwanawe, hakumwamkia.

"Mama, picha ziko wazi. Hata mtoi wa nasari angeelewa."

"Hebu nionyeshe ulivyofuata," alisema Hannah, mchoraji wa picha hizo, aliyeshuka ndege Ukunda mchana ule kwa mara ya kwanza. Akamgeuzia kompyuta.

Mwanatumu aliweka kidole kwenye picha ya kulia, akakipeleka kushoto. "Nilianzia hapa, mwanangu. Kwani wewe waanzia wapi?"

Hannah alikitazama kile kidole kikienda kinyume na alivyochora.

"Niliomba siku moja nikae na wafagizi kabla sijachora," alimwambia Mutinda. "Ukasema nichore tu."

"Na namba za hatua, nani aliziondoa?"

"Zilikuwa zinaharibu dizaini."

Kosa lilikuwa la wawili, na wawili wenye kazi nzuri hawakosi kuelewana. Hannah akafunga kompyuta.

"Ni uzembe," Mutinda alisema. "Mama, enda nyumbani. Hiyo ya Mombasa, jipange."

"Nimefuata mlivyonichorea."

Aibu ilikuwa yao, lakini aliyetoka ameinamisha kichwa ni yeye.

Alipitia stoo kuchukua mkoba. Waridi, aliyepewa kazi yake, alikuwa tayari ameishika ndoo. Mwanatumu akatoa wanja mkobani, akaandika juu ya picha kwa tarakimu za madrasa: moja kwenye glavu, mbili kwenye maji, tatu kwenye tindikali.

"Nani anachafua ukuta?" Mutinda alikuwa mlangoni. "Wewe mpya, futa hiyo kitu."

Waridi alimtazama shoga yake wa tangu madrasa, akaitazama bandeji. Nyumbani kwake walikuwa wakimngoja watu wa kulisha. Akachukua kitambaa, akaanza kufuta, kuanzia kulia.