Kambi Isiyopitiwa na Magari

Mama Kidoti, fundi cherehani, alikuwa na maswali matatu, na kila kambi ya wasafiri aliyoipigia simu aliyauliza kwa mpangilio uleule. Uzio upo? Vyoo viko mbali na mahema? Magari yanapita katikati ya watu? Hilo la tatu ndilo lililomnyima usingizi, lakini aliliweka mwisho na kulitamka harakaharaka, kana kwamba limemjia tu.

Hakuwahi kusema kwa nini anauliza. Binti yake Kidoti, mwenye miaka sita na alama nyeusi shavuni iliyompa jina, alikuwa hasikii tangu homa kali impate akiwa mdogo. Mama hakupenda kuwaambia watu baki. Alikwisha kuzichoka "pole" zao.

"Unatafuta kambi au unatafuta mkwe?" mumewe alimtania. Yeye alikuwa fundi friji, na gari walilosafiria alilitengeneza kwa mikono yake: aling'oa viti vya nyuma, akaweka vitanda viwili, jiko la gesi na pipa la maji. Walikuwa siku ya pili ya safari ya siku tatu, kwenda kumwona dada mkubwa wa Mama Kidoti.

"Kambi yetu ni ya familia, mama," mwanamume mmoja alimjibu kwenye simu asubuhi hiyo. "Watoto wanacheza kwa raha zao. Ondoa shaka."

Walifika saa tisa alasiri. Uzio ulikuwepo, kweli. Vyoo vilikuwa karibu na visafi. Lakini njia ya magari ilikata katikati ya mahema, na wageni walikuwa wakimiminika, kila mmoja akirudisha gari nyuma huku na huku kugombea kivuli.

"Umeona mambo hayo?" alisema Mama Kidoti.

"Tupumzike kwanza, mke wangu. Nitaegesha pembeni kabisa." Shingo ilikuwa inamuuma tangu alfajiri.

Mama aligeuka kushusha kiti cha kukunja. Ilikuwa kufumba na kufumbua. Alipoinua macho, Kidoti alikuwa amechuchumaa njiani akiokota vifuniko vya soda, na nyuma yake gari lenye tela lilikuwa linarudi kinyumenyume. Dereva akapiga honi. Mtoto hakugeuka. Akapiga tena, huku akizidi kurudi polepole, hana wasiwasi, maana honi alishapiga.

Mama hakupiga ukelele, ungemsaidia nani? Alitimua mbio, akamzoa mtoto kwa mkono mmoja, wakaangukia kwenye nyasi upande wa pili. Tairi la tela likavisaga vile vifuniko.

Dereva alishuka akihema. "Mama, nimepiga honi mara mbili! Mtoto gani huyu asiyesikia?"

"Hasikii," alijibu baba yake Kidoti, ambaye alikuwa amefika mbio. "Hasikii kweli, ndugu yangu."

Yule dereva alijishika kichwa kwa mikono miwili, akakaa chini palepale.

Hawakushusha kitu kingine. Wakiwa barabarani, Kidoti alipiga teke kiti cha mbele na kudai kwa ishara arudishiwe vifuniko vyake. Mama yake alibonyeza namba ya kambi nyingine, akaikosea mara mbili. Ilibidi baba asimamishe gari ampigie.

"Safari hii waambie," alimwambia, akimpa simu.

Aliyepokea alikuwa mwanamke, msimamizi wa kambi. Mama Kidoti alianza na uzio, akakwama katikati. Akaanza upya.

"Dada, mwanangu hasikii. Ana miaka sita, na hatulii. Naogopa magari."

"Sitakudanganya, dada yangu," ikasema ile sauti. "Huku pia magari yanapita. Ila nyuma ya tangi la maji kuna kiwanja kidogo. Mkishaingia ninyi, nitaziba kwa mawe, halipiti gari lingine. Na majirani nitawaambia mwenyewe, ukiniruhusu."

Mama Kidoti alimtazama mumewe. "Waambie," akajibu.

Walipofika, jua lilikuwa bado halijazama. Msimamizi, mama mnene aliyevaa mabuti ya mpira, alikuwa amekwisha kuyasogeza mawe karibu, na gari lao lilipoingia akaziba njia. Hakusema pole. Alichuchumaa mbele ya Kidoti, akaonyesha bomba na kuinua mikono kama anayeuliza: maji mnayasemaje? Kidoti, bado amenuna, alimwonyesha, kisha akamrekebisha kidole gumba. Wasichana wawili wa hema la jirani wakasogea, nao wakataka kufundishwa.

Baadaye kidogo wale watatu walishikana mikono kuelekea vyooni.

"Waache, mke wangu. Ni hatua thelathini tu."

"Najua."

Alikaa. Akasimama. Akakaa tena. Kisha alichukua ndoo tupu, kana kwamba anakwenda kuteka maji, akawafuata kwa nyuma, macho yake kwenye kila gurudumu lililokuwa karibu.