Sinia la Mama Chini ya Gari

Mama yangu, Verna, alipomwaga zege jipya mbele ya nyumba, alilipenda kuliko wajukuu. Kila Sikukuu ya Shukrani, mume wangu Dwight akiingiza gari tu, Mama hutoka mbio na sinia lake zito la kuokea bata mzinga, akalisukuma chini ya injini kukinga oili inayovuja, kabla hata hajatusalimu. Kaka zangu hucheka. Dwight naye hucheka, lakini mimi ndiye ninayelala naye, najua inavyomuuma.

"Mwaka huu naegesha kama binadamu wengine," akaniambia. "Sampu ya oili naiziba mwenyewe."

Mwaka jana pia aliiziba mwenyewe. Alipaka silikoni, gundi ya kuzibia, kama siagi kwenye mkate, ikafurika hadi ndani, vipande vikaziba chujio la oili, na nje bado ikavuja. Tena alichagua nyekundu kwa sababu ilimpendeza. Safari hii nilimfuata dukani nimsimamie. Mkono wake ukaenda palepale kwenye nyekundu.

"Hiyo ni ya mabomba ya moshi, Dwight. Soma!"

"Si naiangalia tu jamani."

"Iangalie kwa mbali. Chukua nyeusi, hiyo ndiyo inavumilia oili."

Gerejini aliifungua sampu, akakwangua gundi kuukuu yote, akafuta kwa spiriti mpaka chuma kikang'aa, akavuta mstari mwembamba wa silikoni kuzunguka ukingo, ukipita upande wa ndani wa matundu ya bolti. Akapandisha sampu, akakaza bolti kwa vidole, akaiacha silikoni ishike kidogo ndipo akachukua spana. Ikabaki sehemu inayomshinda kabisa: kungoja hadi kesho yake bila kumimina oili. Nilizificha chupa za oili ndani ya mashine ya kufulia. Nampenda, ila simwamini hata kidogo.

Siku ya sikukuu aliegesha katikati kabisa ya zege. Mama akatoka na sinia.

"Mama, haivuji."

"Hata mwaka jana haikuvuja, mwanangu. Mpaka ilipovuja." Akalisukuma chini.

Nilikasirika kwa niaba ya mume wangu. Kila akimaliza bia Dwight alipiga magoti kuchungulia. Sinia kavu. Akarudi tena, kavu.

Bata mzinga alikuwa kwenye jiko la moshi kando ya gereji, ndani ya sinia la foili, maana sinia lenyewe lilikuwa kazini. Mama akamnyanyua na sinia lake la foili, peke yake, hataki msaada wa mtu, akaanza kuvuka zege sote tukimtazama. Foili ikajikunja katikati. Mafuta yote yakamwagika chwaa, yakatambaa mpaka kwenye viatu vyake, naye kabaki amemkumbatia bata mzinga.

Hakuna aliyethubutu kucheka. Dwight akainama, akalitoa sinia chini ya gari, safi, halina hata tone. Akatembea nalo taratibu, akaliweka miguuni pa Mama.

"Samahani, Mama," akasema. "Naona unavuja."