Aliyeukalia Mtandao

Mama Sindano alikuwa amechoka mpaka kope. Usiku mzima alikuwa juu ya cherehani akimalizia sare za shule za watu wasiojua kusubiri, na kulipokucha alikuwa tayari kwenye kona ya duka la dawa, yeye na redio yake ya mkononi, kiti cha plastiki na ndoo za maji. Hapo ndipo palipokuwa kituo cha nne cha mbio ndefu za mji.

Kazi ya wanaklabu wa redio ni rahisi kuieleza. Siku ya mbio umati huielemea mitandao ya simu, kila mtu anampiga picha mwenzake, na simu zinabaki kuwa mapambo. Basi wao, wenye leseni zao na mapenzi yao, hukaa vituoni wakipashana habari: nani kapita, nani kaanguka, nani anahitaji muuguzi. Wote wanatumia wimbi moja, na wimbi moja ni kama mlango mwembamba: mtu akiuziba, hakuna mwingine anayepita.

Safari hii Mama Sindano alikuja kwa sababu ya bintiye. Binti ana pumu tangu utotoni, lakini alijiandikisha kukimbia, namba mia mbili kumi na mbili, na hakumsikia mama wala daktari. Na kichwa chake kilivyo, alitoka nyumbani akaisahau dawa yake ya kuvuta mezani. Mama aliitia mkobani ampe akipita.

"Mia mbili kumi na mbili amepita kituo cha pili," redio ilisema. "Anacheka."

Mama akashusha pumzi, akajitupa kitini, redio akaichomeka kando ya paja. Ikanyamaza, na robo saa nzima ikapita hivyo.

"Afadhali," alimwambia msusi, jirani yake aliyekuja kugawa maji na kuokota umbea. "Shemeji yangu leo kapumzika. Akiwa mkuu wa mtandao huu wetu wa redio utadhani anahutubia bunge, na nyumbani hafungui mdomo ila kukoroma."

"Anakoroma? Mtu mzima vile, na tai yake?"

"Dada yangu analala na pamba masikioni!"

Msusi akacheka mpaka akamwaga maji. "Na binti je, atafika?"

"Afike wapi? Pumzi zake hazimfikishi hata sokoni." Mama akapiga mwayo mrefu. "Nikwambie kweli, mwenzangu? Natamani aishie hapo kituo cha tatu, nimchukue twende nyumbani, nikalale. Hii miguu naiona kama ya kuazima."

Wakimbiaji waliendelea kupita, jasho na mikono hewani. Kimya cha redio kilikuwa kitamu. Kilipozidi sana ndipo kilipomshtua: shemeji yake hawezi kunyamaza hivyo akiwa hai. Akainua paja, akachungulia. Taa nyekundu, ile inayowaka mtu anapobonyeza kitufe cha kusemea, ndiyo kwanza ilikuwa inazimika.

Redio ikalipuka.

"…kituo cha nne! Umekalia kitufe, inuka!" Alikuwa kinyozi, mwanaklabu wa kituo cha tatu, sauti imemkauka. "Mia mbili kumi na mbili kakaa chini, hapumui vizuri. Muuguzi, haraka!"

Muuguzi wa pikipiki alikuwa hatua chache tu kutoka kwenye kiti, anafuta vioo vya pembeni, hajui lolote. Mama alimtupia mkoba mzima. "Kaka, kituo cha tatu! Ni mwanangu! Dawa imo humo!"

Kisha akabonyeza kitufe. "Kituo cha tatu, muuguzi anakuja. Mwambieni…" Akakiachia.

Hakuna aliyemcheka hewani, na hilo lilimuuma zaidi.

"Amevuta," kinyozi alisema hatimaye. "Amevuta tena. Anaongea."

"Kituo cha nne," shemeji akadakia, "ya kukoroma tutayamaliza nyumbani. Endelea na namba."

Binti alifika akitembea, pikipiki inamfuata polepole. Akasimama mbele ya ndoo.

"Niliwekwa kando ya redio ya kinyozi, mama. Nimesikia yote."

"Nilichoka, mwanangu."

"Hata mimi nimechoka." Akanywa kidogo, maji mengine akajimwagia shingoni. "Haya, kituo cha tatu ndiyo nimeanguka, kama ulivyotaka. Twende ukalale?"

Mama alikitazama kile kiti. Mwili wote ulikuwa unasema ndiyo.

"Muuguzi anasemaje?"

"Nitembee, nisikimbie. Yeye atakuwa nyuma yangu."

Mama akaichukua dawa mkononi mwa binti, akaitia katika mfuko wa kaptula yake, akachomoa pini kwenye ukosi wa gauni lake mwenyewe na kuufunga mfuko dawa isije ikadondoka. Binti akamwacha afanye. Kisha akaondoka.

"Mia mbili kumi na mbili amepita kituo cha nne," Mama Sindano alisema redioni. "Anatembea."

Akakiachia kitufe, redio akaishika mbele yake kwa mikono miwili. Kiti alimwachia msusi.