Sabuni Kwanza

Masanduku sita yalikuwa yameshapakiwa garini, na dereva alikuwa anashuka ngazi na la saba, Mzee Brashi alipotupa jicho dirishani akaiona chupa aliyoisahau tangu Ijumaa.

Yeye alikuwa mwosha vyombo wa maabara ile. Daktari, bosi wake, alikuwa mpwa wake, mtoto wa dada yake. Miaka miwili Daktari alikuwa akihangaika kutengeneza punje za semikondakta, kitu kinachopitisha umeme kiasi tu, ndogo ajabu, zinazowaka zikimulikwa. Wengine huzitenganisha kwa kemikali zenye sumu; yeye aling'ang'ania sabuni ya mafuta ya nyonyo, ambayo hata ukiimwaga mtaroni haidhuru kitu. Lakini wapi! Kila mara punje zilishikana, zikazama kama tope. Mkuu wa taasisi akachoka, akaamuru wahame. Chumba kikabidhiwe leo saa sita.

Chupani hamkuwa na tope. Maji yalikuwa maangavu. Mzee Brashi, mtu wa kuchokonoa mambo tangu utotoni, akaimulika kwa taa ya zambarau. Ikawaka buluu.

"Mjomba! Umetia nini humo?"

Mzee Brashi akageuka; Daktari alikuwa nyuma yake. Kuchanganya mabaki kulikatazwa. "Usinifukuze kabla sijamaliza kusema."

"Tunafukuzwa wote leo. Sema!"

"Nilikuwa naosha. Nikatia ile sabuni yako, nikamimina mabaki ya maji ya zinki, halafu ya ile dawa inayonuka kama yai viza. Simu ikaita, nikasahau."

"Sabuni ulitia mwanzo?"

"Sasa, mwosha vyombo gani anatia sabuni mwisho?"

Daktari akakaa kwenye sanduku, puu! Miaka yote hiyo alikuwa akiitia mwisho, punje zimeshakumbatiana.

Dereva akachungulia mlangoni. "Jamani, la nane nishushe?"

"Liache hapo hapo! Mjomba, nipe chupa tatu safi."

"Lini nimekupa chafu?"

Mkuu alifika saa sita kamili, akakuta chupa tatu zinawaka. Akazizunguka mara mbili, kisha akawaongezea mwaka. Daktari yumo chumba kile kile mpaka leo. Dereva alikataa katakata kupandisha masanduku. Mzee Brashi aliyapandisha mwenyewe, akateguka mgongo, akastaafu. Chupa ya dirishani ilivunjwa na mwosha vyombo mpya, wiki yake ya kwanza.