Huzuni ya Kaswera Ilikuja na Fuso

Mwili wa Grégoire ulipofikishwa nyumbani Kitshanga juu ya tshukudu, baiskeli ya mbao ya kusukumia mizigo, mkewe Kaswera alikuwa barazani akikata lebo za makoti ya mitumba. Alimaliza lebo ya koti aliloshika, akaweka mkasi chini, akawauliza wanaume waliosukuma tshukudu kama walikuwa wamekunywa chai. Hawakuwa wamekunywa. Akawachemshia. Kisha alitandika mkeka, akamfunga mumewe taya kwa kitambaa safi, akaenda kuazima viti kwa majirani.

Hakulia. Hilo halikumshangaza mtu, kwa sababu ilikuwa Jumanne na Fuso hufika Ijumaa.

Tangu aolewe kutoka Butembo, hisia za Kaswera zilikuja kwa lori. Watu wengine hubeba zao kifuani. Zake zilipakiwa kwenye depo ya Butembo pamoja na chumvi, sabuni na misumari, ndani ya gunia lililoshonwa mdomo, na dereva Omer akazileta kupitia Kanyabayonga na Mweso kadiri matope na vita vilivyoruhusu. Nani alizifikisha depo, Omer hakujua; gunia lililoshonwa vizuri halina maswali. Furaha ya harusi yake ilifika wageni wakiwa wamesharudi makwao. Alicheza peke yake kati ya mifuko ya saruji, na wapakuzi, kwa heshima, walimpigia makofi. Hasira juu ya mteja mmoja tapeli ilifika mteja akiwa ameshahamia Goma, ikabidi amtukane kwa simu.

Mbali na hilo, Kaswera alikuwa mfanyabiashara wa kawaida, tena hodari. Aliongea sana. Aliwachekesha wanunuzi kwa utani aliokuwa ameupanga asubuhi wakati wa kupiga mswaki. Aliwatazama watu katikati ya nyusi, mahali ambapo dada yake alimfundisha utotoni kwamba panatosha, na hakuna mtu aliyewahi kugundua tofauti. Lebo za nguo zilimkata shingo kama wembe, ndiyo maana aliziondoa hata kwenye makoti ya kuuza. Redio na jenereta vikilia pamoja, alisahau jina lake. Jioni, soko likifungwa, aliingia stoo, akaketi gizani na kujiwekea gunia dogo la chumvi mapajani mpaka siku imtoke mwilini.

Katika stoo hiyo alikuwa na mwenzake. Jean-Claude, mwanaume mzima kutoka kambi ya wakimbizi, alikuwa akipanga vifuniko vya chupa kando ya ukuta kwa rangi na kwa ukubwa. Hakusema na mtu wala kumtazama mtu. Kaswera alimpa chakula, na yeye hakuwahi kushukuru, jambo lililompumzisha Kaswera kuliko kitu chochote mjini.

Miezi michache kabla ya msiba, Cindy, binti msomi kutoka Goma aliyefanya kazi na shirika la kuponya roho za watu, alikuja kambini na sanduku la picha. Picha moja ilionyesha mtoto wa kizungu akipanga mawe peke yake. Cindy alisema hiyo ni autisme. Vitabu vya Kiswahili huiita usonji, ingawa Kitshanga ilikuwa haijaiita chochote. Kaswera, aliyekuwa ameleta sabuni, aliitazama picha muda mrefu.

"Dada Cindy, mie nazani niko hivi."

Cindy alicheka kwa upole. "Weye, Mama Kaswera? Weye unauzisha, unachekesha watu, unaniangalia mu macho! Otiste njo Jean-Claude, ule wa vifuniko. Wengine wanajua hesabu kabisa, wengine wanapenda treni."

"Treni? Hapa hata barabara hatuna."

"Na hesabu?"

"Hesabu njo Grégoire anafanyaka."

"Unaona basi."

"Na mambo ya roho yangu kufika na Fuso?"

Cindy alifikiri kama mtaalamu. "Hiyo ni logistique, mambo ya usafirishaji," alisema, akageuza picha.

Kaswera alirudi stoo na swali lake. Jioni hiyo alimwuliza Jean-Claude kama wao wawili walikuwa kitu kimoja. Jean-Claude alisogeza kifuniko cha kijani mahali pake. Kaswera alikubali kwamba hilo lilikuwa jibu, ila hakujua lipi.

Grégoire aliuawa kwenye bariera iliyo upande wa huku wa Kashuga, ile kamba iliyofungwa kati ya vigogo viwili kuzuia barabara, kwa sababu alikawia kushuka kwenye pikipiki. Kundi lililoishika kamba lilibadilisha jina mara kwa mara, hivyo watu waliliita tu watu wa bariera. Mwaka huo mji ulikuwa umebadilisha wenye bunduki mara nyingi kuliko parokia ilivyobadilisha vitambaa vya altare, lakini kamba ilibaki ileile. Waliomwosha marehemu waliona tundu la risasi la kuingilia na tundu la kutokea. Waliyafuta, wakayafunika, wakatoka nje kujadiliana ni nani aliyemla kwa uchawi.

Hakuna aliyekuwa mjinga. Lakini bariera haiitwi kwenye kikao cha familia. Mjane anaitwa.

"Bibi yake haliye," alisema Damascène, mdogo wa marehemu, mkulima wa maharagwe kutoka Burungu. "Bibi anauliza watu kama chai iko na sukari. Uliona wapi?"

"Tungojee Fuso," alisema mama yao, Athanasie.

Ijumaa Fuso haikufika. Ijumaa ya pili pia haikufika. Daraja lilikuwa limebebwa na maji. Wanawake waliokuja kwenye kilio walianza kupaza sauti kwenye kona ya barabara kama inavyotakiwa, wakaingia uani wakiwa wamelowa machozi, wakamkuta Kaswera akiwaonyesha pa kuweka viatu. Jirani yake Constance alimvuta pembeni.

"Jikaze ulie kidogo, dada yangu. Hata ya kuigiza. Watakuchukulia Généreuse, mutoto wako."

Kaswera aliona ni ombi la haki. Aliweza kuiga karibu kila kitu, na kilio bora alichowahi kusikia kilikuwa cha Constance mwenyewe alipofiwa. Alikwenda katikati ya ua, akashika kichwa, akakitoa chote bila kosa, kwa sauti ileile na kwikwi zilezile: "Mama weee! Uliniacha nani atanisuka nywele! Mama weee, na mimba hii!"

Grégoire hakuwa mama wa mtu, na Kaswera hakuwa na mimba. Constance, kwa upande wake, aliguswa, akaanza kulia upya.

"Sasa anamucheka marehemu," alisema Damascène.

Siku ya kumaliza kilio, familia ilikaa uani kwenye viti vya kuazima, na kasiksi, pombe ya ndizi, ikawekwa katikati. Sahani za wageni zilirundikwa kando ya jiko. Damascène alisimama akatoa hoja yake bila kupoteza maneno. Kama mpaka leo Kaswera hajamlilia mumewe, basi yeye ndiye aliyemla. Arudi kwao Butembo, nyumba ibaki ya familia, na mtoto Généreuse abaki kwa bibi yake. Wazee walitikisa vichwa kukubali. Généreuse alikuwa nyuma ya nyumba akicheza kamba na watoto wa jirani. Kaswera alimsikiliza akihesabu miruko, akajua kwamba hili ni jambo baya kuliko yote yaliyowahi kumtokea. Alilijua kama mtu anavyojua jina la mji ambao hajafika.

Hapo Fuso ikapiga honi.

Omer aliingia uani amebeba gunia begani, amejaa matope hadi nywele. Alivua kofia kwa ajili ya marehemu.

"Mama Généreuse, koli yako, muzigo wako. Pole. Na unisamehe, bariera walikata."

"Walikata nini?" aliuliza Athanasie.

"Beseni moja, Mama, kama kwa maharagwe. Walifungua gunia, wakachota. Sasa wako pale wanalia, wote. Mukubwa wao iko anaita 'Gegé, Gegé wangu'. Anapuliza chai mpaka inapoa kabisa, halafu anasema haina sukari."

Hakuna aliyemwita Grégoire Gegé isipokuwa Kaswera, tena mlango ukiwa umefungwa. Na ni kweli Grégoire alizoea kupuliza chai mpaka ipoe, kisha kulalamikia sukari.

"Kamba waliifungua?" aliuliza mzee mmoja.

"Walilipisha kwanza. Walikuwa wanalia, lakini walilipisha."

Kaswera alikata uzi wa gunia kwa mkasi wake wa lebo. Huzuni ilikuwa ya kweli, nzito na safi, haijapata maji njiani. Alianguka nayo. Alilia kwa sauti ambayo haikuwa ya Constance wala ya mtu mwingine, akamlilia Grégoire kwa hesabu zake, kwa soksi zake, kwa uongo wake mdogo kuhusu pombe, na wanawake watatu wakamshika kiuno asijigonge. Kuku walihama ua. Athanasie alilia naye, kisha akajifuta uso kwa kitenge.

"Imetosha," alisema. "Huyu alimupenda mutoto wangu."

Damascène alichungulia gunia. "Haikujaa."

"Nimesema walikata beseni, kaka," alisema Omer.

Wazee walilipokea hilo bila ubishi. Kila kilichoingia Kitshanga kiliingia pungufu ya beseni, na hakuna sababu huzuni ingesamehewa. Kaswera akaondolewa lawama.

Lakini kikao kilikuwa kimeitwa kutafuta mtu, na kasiksi ilikuwa haijafika nusu. Damascène alitazama huku na huku. Kando ya jiko Jean-Claude alikuwa akipanga sahani za msiba, kubwa chini, ndogo juu, zenye ufa peke yake.

"Na huyu?" alisema Damascène. "Tangu siku ya kwanza anakula hapa. Haliye, haongeye, haangalie muntu."

Vichwa vikageuka. Ilionekana kuwa ni wazo zuri. Jean-Claude hakuwa na ukoo wowote mjini wa kuja kuuliza.

Kaswera, akiwa bado chini, alijikagua kifuani kama mtu anayepapasa mfuko. Hamkuwa na kitu. Huruma juu ya Jean-Claude labda ilikuwa inashonewa gunia wakati huo, na woga vilevile. Vyote vingehitaji wiki moja, zaidi kama daraja lingeondoka tena. Alifikiri juu ya mambo mawili anayoyajua kwa hakika, tundu la mbele na tundu la nyuma. Alisimama.

"Grégoire alipigwa risasi na watu wa bariera," alisema. "Mama, mulimuosha, muliona. Jean-Claude hana bunduki. Iko na vifuniko tu. Na watu wa bariera njo wanalia leo, Omer aliwaona. Kama munatafuta mwenye alimukula, iko pale Kashuga, anapuliza chai."

Mzee mmoja alifunga lango la uani, ingawa nje hakukuwa na mtu. Damascène alitazama chini, kwenye viatu vyake, ambavyo vilikuwa vya marehemu.

"Damascène," alisema Athanasie, "miminia watu pombe."

Walikunywa. Kabla ya giza ilitangazwa kwamba Grégoire alifia njiani, jambo ambalo lilikuwa kweli, na kwamba kilio kimekwisha. Kaswera alibaki na nyumba na mtoto wake. Maneno yake kuhusu bariera hayakurudiwa na mtu yeyote, hata kwa kuyapinga.

Cindy alikuja kutoa pole siku iliyofuata. Alikuwa ameshasikia habari za gunia.

"Wameniambia ulilia muzuri sana, Mama Kaswera. Nilikuambia, weye hauko otiste."

"Na wale wa bariera, wanalia siku muzima, wako nini?"

"Wale wako na trauma," alisema Cindy. "Kwa wale programu iko."

Na kweli programu ilikuwepo. Watu wa bariera walipewa mablanketi na semina. Waliendelea kumlilia Gegé asubuhi, na baada ya chai waliendelea kukata beseni.

Ijumaa iliyofuata Fuso ilipiga honi mbele ya duka.

"Mama Généreuse! Koli!"

"Ni nini?"

Omer alilipima gunia kwa mikono. "Nazani ni woga. Inatetemeka."

"Walikata?"

"Mabeseni mawili. Walipandisha."

"Na wao wako namna gani?"

"Wanaogopa sana, Mama. Hawangoje tena muntu ashuke kwa pikipiki, wanapiga risasi." Alivua kofia, akaivaa tena. "Njo maana nimechelewa. Kulikuwa mwengine mbele yangu."

Kaswera alilipokea gunia, akalibeba hadi stoo na kufunga mlango nyuma yake. Aliketi gizani. Aliliweka mapajani badala ya lile la chumvi, akaushika uzi na kuanza kuukata polepole. Kando ya ukuta Jean-Claude aliinua safu moja ya vifuniko, akaihamishia upande wa pili, akasogea kumpa nafasi.