Arobaini kwa Mia

Mimi nikiwa na wasiwasi sikaliki. Asubuhi ya kutetea tasnifu yangu ya uzamili nilikuwa nimeshafuta meza ya maabara mara tatu, nimemgombeza fundi kwa kuburuta kiti, nimempigia mama simu kumwuliza kama amefika, kumbe yuko mlangoni ananitazama.

"Tulia basi, mwanangu," akasema. "Unanitia kizunguzungu."

Nitulie vipi? Leza yangu, kichipu kidogo kuliko punje ya mchele, ilikuwa ikigeuza umeme kuwa mwanga kwa ufanisi wa asilimia arobaini. Wengine wenye chipu ya aina yetu hawajavuka ishirini. Kwa namba hiyo nilishaahidiwa nafasi ya kuendelea na uzamivu.

Mama akaenda kukaa ukumbini. Nikaiwasha leza ipate moto. Mwanga wake hauonekani kwa macho. Tunategemea kipimo tu, na kipimo nacho hakijui ni mwanga wa aina gani mpaka ukiambie urefu wa wimbi lake kwa nanomita. Fundi akainama kukipangusa vumbi.

"Dada, mbona hiki kimewekwa elfu moja na sitini na nne? Si leza yako ni mia tisa na themanini?"

Lo! Moyo ulinipaa. Mwaka mzima nilikuwa nabonyeza kuwasha tu, kona ile ya kioo yenye namba hiyo sikuwahi kuiangalia. Nikarekebisha; kumbe kilikuwa kikiuzidisha mwanga wangu. Nikapiga hesabu upya. Arobaini yangu ikawa kumi na tano.

Mwalimu anayenisimamia akaingia. Nikammwagia yote. Hakushtuka. Hicho ndicho kilichoniudhi, hakushtuka hata kidogo.

"Kirudishe kilivyokuwa," akasema, akiangalia mlango. "Watahini hawaulizi habari za kipimo."

"Mwalimu, huo si uongo?"

"Ni saa moja tu. Jikaze."

Akatoka. Fundi akakuna kichwa. "Ukivuliwa nguo, chutama, dada. Mimi sina la zaidi."

Ukumbini mama alikuwa mstari wa mbele, anatabasamu utadhani yeye ndiye anayeozwa. Nikafungua mdomo niseme arobaini. Ng'o, haikutoka! Nikageukia ubao, nikaandika kumi na tano kwa tarakimu kubwa, nikaeleza kosa langu lote huku jasho linanitiririka mgongoni. Nilijua naiaga shahada na ile nafasi kwa mpigo mmoja. Niliogopa, jamani!

Mtahini aliyetoka chuo kingine akaweka kalamu chini. "Kipimo hicho nani mwingine anakitumia?"

Ningemtajaje? Mtu aliyenifundisha kushika chipu bila kuivunja alikuwa hatua mbili kutoka nilipo, anatazama sakafu.

"Mimi," mwalimu akasema, akasimama taratibu. "Miaka sita. Na kosa hilo nililiona tangu mwaka jana."