Binti wa Kukodi

Mpiga pasi alikuwa katikati ya rundo la shuka za hoteli msimamizi alipomletea jibu.

“Ruhusa ni kwa mtoto au mume, dada. Mzazi hayumo.”

“Mama anatolewa mtoto wa jicho leo. Asiposindikizwa hawampasui, na zamu ameisubiri mwaka mzima.”

Msimamizi, mtu wa nchi za mbali, hakuwa mkatili. Alishangaa tu. “Mama yangu anaishi na wazee wenzake. Namwona mwisho wa mwaka, wala hanung’uniki.”

“Ukimwona, mpe salamu zangu,” mpiga pasi akasema, akachomoa waya wa pasi ukutani.

“Ukitoka, usirudi.”

Alishavuka hamsini, na kwa umri huo kazi haiokotwi njiani. Alilijua hilo vizuri. Akavua aproni, akaikunja na kuiweka juu ya shuka alizokwisha kunyoosha.

Kliniki, muuguzi alimzuia mlangoni. “Bibi huyu keshaletwa na binti yake.”

Kweli, pembeni ya mama alikaa mwanamke muuza vocha wa pale getini, kadi ya msindikizaji kifuani, macho chini. Mama hakuwa mtoto wa jana. Alijua wakubwa wa kazi walivyo, akajitafutia binti wa kukodi asubuhi ile ile.

“Mama!” mpiga pasi akaita.

“Bibi, huyu naye ni nani?” muuguzi akauliza.

Mama akageuzia uso kwenye sauti. “Simjui. Binti yangu yuko kazini.” Kisha akaongeza, “Na huyo nisiyemjua arudi upesi kabla hajafukuzwa. Tena ajifunike kichwa, jua kali.”

Muuguzi akacheka hadi akajishika kiuno. Muuza vocha akavua kadi. “Mwenyewe kaja, bibi. Mimi nikauze.”

Mpiga pasi akaketi, akaushika mkono wa mama. Alimpenda siku hiyo kuliko siku zote.

“Wamekupa ruhusa?” mama akanong’ona.

“Wamenipa.”

“Usinidanganye.”

“Nikudanganye ili iweje, mama?”

Simu ikaita. Alikuwa mwenzake wa kwenye pasi, anaongea kwa kujificha. “Shoga, kuna mtu keshawekwa kwenye pasi yako. Usihangaike kurudi.”

“Nani huyo?” mama akauliza.

“Kazini. Wanaulizia hali yako.”

Uso wa mama ukanawiri. “Kumbe wana utu. Waambie nimeshukuru sana.”

Mpiga pasi akarudisha simu sikioni. “Mama anashukuru sana,” akasema.